Mkato wa Elfu

Sista wa orodha alikuwa na macho mabovu na mimi nilikuwa na uvivu. Jambo lote lilianzia hapo, wala sitafuti pengine.

Hospitali ilikuwa imeniajiri kwenye chumba cha kumbukumbu, ghorofa ya kwanza, mlango wa pili baada ya ngazi. Meza tatu, watu wawili, na feni iliyozunguka ikipenda. Nilikuwa na miaka sitini na moja. Nilishafanya kazi kwenye mashine za kukoboa, kwenye ghala la mbao, kwenye meli kidogo, jikoni kwenye kambi ya wajenga barabara. Cheti nilichokuwa nacho ni cha darasa la sita, na hicho nilikipata kwenye shule ya tatu kati ya nne. Lugha ya kuandikia kurasa za mtandao nilijifunza uzeeni, katika duka la kutengeneza simu, kutoka kitabu kisicho na jalada wala kurasa thelathini za mwanzo. Kwa hiyo mambo makubwa niliyajua. Ya mwanzo mwanzo ndiyo yaliyonipita.

Kazi yangu ilikuwa kutunza ukurasa mmoja: orodha ya wanaosubiri kupasuliwa moyo. Sista ndiye aliyekuwa mwenye orodha. Mwanamke mfupi, sauti ya kengele, miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani.

"Babu! Hebu njoo uone balaa."

"Balaa gani, Sista?"

"Huyu chembe zake za damu ni ngapi? Nisomee."

Nikainama kwenye skrini. Zilikuwa tarakimu nyingi zimeshikana kama siafu. Nikaanza kuzihesabu kwa kidole kwenye kioo.

"Unaona!" akasema. "Wewe mwenyewe uliyeutengeneza unahesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Mimi nina wagonjwa mia mbili na arobaini. Siku moja nitasoma laki mbili mahali penye elfu ishirini, nimuue mtu, halafu waseme Sista alilewa."

"Nifanyeje?"

"Ziwekee mikato, tatu tatu, kama wanavyoandika watu wenye adabu zao."

Lugha ninayoandikia ina amri moja ya kupamba namba. Unaipa namba tupu, inakurudishia imepangwa tatu tatu na mikato katikati. Ukitaka desimali unaiambia ngapi. Usipoiambia, inazikata na kuzungusha. Amri nzuri, haina maneno. Lakini ukurasa ule ulikuwa na namba za kila aina: uzito, umri, mapigo, chembe za damu, siku alizosubiri mtu. Kuzipamba moja moja pale zinapoonyeshwa kungenichukua wiki nzima. Nikaona njia ya mkato, nikaipita. Niliiweka ile amri mlangoni, pale data inapotoka kwenye hifadhi ya kompyuta kuja ukurasani, ili kila namba ipite hapo ikiwa tupu na itoke imevaa. Dakika ishirini. Nikarudi kunywa chai.

Sista alifurahi mpaka akaniletea andazi.

Kitu ambacho sikukijua, na ambacho nadhani kilikuwa kwenye zile kurasa thelathini, ni kwamba namba iliyokwisha kupambwa si namba tena. Ni maandishi. Imevaa nguo za kutokea. Huwezi kuirudisha shambani ikalime. Ukiirudisha kwenye hesabu, mashine inaisoma kutoka kushoto, na ikifika kwenye mkato inaona namba imeishia hapo. Mia tisa tisini na nane inaisoma yote, maana haina mkato. Elfu moja na tatu inasoma moja, inasimama.

Na orodha ile ilipangwa kwa siku za kusubiri.

Siku hiyo hakuna aliyekuwa amefikisha siku elfu. Aliyesubiri sana kuliko wote alikuwa na mia nane na kitu. Kila kitu kilikwenda sawa, Jumatatu kwa Jumatatu. Saa mbili kamili asubuhi ukurasa ulijipanga wenyewe, aliyesubiri zaidi juu, na kila mgonjwa akatumiwa ujumbe wa simu: nafasi yako ni ya ngapi. Sista alichapa ukurasa wa kwanza tu, maana karatasi zilikuwa haba na yeye alihitaji majina manne tu, ya watakaopasuliwa wiki hiyo. Alichukua rula akapiga mstari chini ya jina la nne. Halafu akavuta simu.

Dada yangu alikuwemo kwenye orodha hiyo.

Ni dada yangu wa tumbo moja, kanizidi miaka tisa, na mama alipokufa yeye ndiye aliyenilea kwa cherehani. Mimi nilimlipa kwa kuondoka. Nilikuwa nikirudi kila baada ya miaka miwili mitatu na viatu vimetoboka, naye ananipimia suruali bila kuuliza nilikuwa wapi. Aliniita Kiguu na Njia, mbele ya wateja na nyuma yao. Vali moja ya moyo wake ilikuwa haifungi, damu inarudi ilikotoka. Akipanda ngazi sita anakaa.

Siku nilipoajiriwa walinipa karatasi ya kusaini: hutafungua taarifa za ndugu yako, hutauliza nafasi yake, hutamsogeza. Nikasaini. Nilipomweleza dada, akanyoosha mkasi.

"Na mimi sitaki kusikia umeligusa jina langu. Nikipona, nipone kwa zamu yangu. Nisije nikaitwa mgonjwa wa mlango wa nyuma."

"Hata kukuangalia tu?"

"Hata kuniangalia. Ukitaka kuniangalia njoo hapa, ukae kwenye kiti."

Basi sikuangalia.

Muda ukaenda. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, kusubiri kukarefuka, mia tisa, mia tisa hamsini. Kisha kukaacha kurefuka. Kila Jumatatu jina la juu lilikuwa na siku mia tisa tisini na kitu, halizidi. Mkurugenzi aliliona hilo kwenye ripoti akatuita ukumbini, akasimama na karatasi mkononi.

"Katika hospitali hii," akasema, "hakuna mgonjwa anayesubiri siku elfu."

Watu wakapiga makofi. Tulipewa soda. Sista alinigonga bega akasema, "Babu, kunywa, hii ni yako pia." Nikanywa. Ilikuwa ya machungwa, imepoa vizuri.

Jumapili moja mchana nilikwenda kwa dada. Alikuwa anashona sare za shule, mshono mmoja, anapumzika, mshono mwingine, anapumzika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa na vitambaa, nikavipakata.

"Mdogo wangu, hebu niongezee herufi kwenye hii simu. Zimekuwa sisimizi."

Nikaichukua. Niliongeza herufi, kisha nikafungua ujumbe nione kama zimekua. Zilikuwa zimekua. Ujumbe wa kila Jumatatu ulijipanga mmoja chini ya mwingine, namba kubwa kubwa, hakuna wa kukosea kuzisoma.

Nafasi yako ni ya 20. Nafasi yako ni ya 15. Nafasi yako ni ya 10. Nafasi yako ni ya 5. Nafasi yako ni ya 241.

Halafu 243, 240, 244, wiki kumi na moja.

"Dada, hizi ni nini?"

"Si ujumbe wenu huo."

"Ulikuwa wa tano."

"Nilikuwa."

"Ukawa wa mia mbili arobaini na moja."

"Ndivyo walivyosema wenye kusema."

"Na hukuniambia?"

Akakata uzi kwa meno. "Nikuambie iweje? Ukavunje kiapo chako? Kazi zote ulizopata umeziacha kwa miguu yako mwenyewe. Hii moja iliyokukalisha nisije nikawa mimi niliyekutoa." Akavuta pumzi. "Nikasema labda wamekuja walio hoi kuliko mimi. Wamama wenye mimba. Nikasema wapite."

"Mia mbili, dada? Kwa wiki moja?"

"Mimi nitajuaje? Nyie ndio wenye kompyuta."

Nilikuwa naziangalia zile namba. Ishirini, kumi na tano, kumi, tano. Zilishuka tano tano. Sista anaita wanne. Kila wiki kulikuwa na wa tano aliyekwenda mahali, na hakuna aliyeuliza alikwenda wapi. Nikahesabu siku za dada kichwani, kurudi nyuma. Jumatatu aliyokuwa wa tano alikuwa na siku mia tisa tisini na sita. Jumatatu iliyofuata angekuwa wa kwanza.

Nilielewa hapo hapo. Sikushtuka. Nilidhani mtu anayeelewa jambo kama hilo atasikia kitu kifuani, lakini sikusikia kitu. Nikamrudishia simu.

"Zinaonekana sasa?" nikauliza.

"Zinaonekana. Mpaka nimezichoka."

Nikakaa mpaka chai ikaisha, bila kusema neno jingine, nikaenda zangu.

Jumatatu niliingia kazini saa moja. Nikafungua faili. Mstari wenyewe ulikuwa pale pale, umekaa kama mgeni aliyezoea. Nikazitoa siku za kusubiri kwenye ile amri ya mlangoni, nikaziacha zijipange zikiwa tupu, halafu nikazivisha pale tu zinapoonyeshwa, kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Zile dakika ishirini za zamani zilirekebishwa kwa dakika nne. Sikujua nifanye nini na zilizobaki mpaka saa mbili, nikafuta meza.

Saa mbili orodha ikajipanga. Juu yake kulikuwa na watu kumi na saba ambao Sista hakuwahi kuwaita. Wa kwanza alikuwa na siku 1,115. Dada yangu alikuwa wa sita, siku 1,080. Nilimwangalia. Karatasi niliyosaini ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu.

Sista aliichukua orodha iliyochapwa kwenye mashine, akashusha miwani ya kichwani, akaipandisha tena.

"Hawa wametoka wapi?"

"Walikuwa chini, Sista."

"Chini wapi?"

"Ukurasa wa tisa."

Akaketi. "Mimi nachapa ukurasa wa kwanza tu."

"Najua."

"Toka lini, Babu?"

"Miezi minne. Aliyefikisha siku elfu alihesabiwa amesubiri siku moja. Ni mimi, Sista. Ile mikato."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana, sauti anayo. Alichukua rula, akaitazama, akairudisha kwenye droo.

"Nitawaita wote kumi na saba," akasema. "Leo. Waje wapimwe upya."

Nilikaa pembeni yake akipiga simu. Namba ya kwanza haikuwa ikitumika tena. Ya pili ikapokelewa na mwanamke. Sista akajitambulisha, akasikiliza. "Pole mama," akasema. "Lini? ... Pole sana. Hapana, hapana, tulikuwa tunaulizia tu." Akaweka simu chini, akapiga mstari juu ya jina kwa kalamu. Wa tatu alikuwa mwanamume, alicheka kwa nguvu mpaka nikamsikia kutoka kwenye kiti changu. "Nilijua! Nilimwambia mke wangu hawa hawajanisahau!" Sista akamwambia hapana, hatujakusahau.

Wa sita alipokea mwenyewe. Nilimsikia akiuliza, "Ni zamu yangu kweli, au kuna mtu kanisogeza?"

"Ni zamu yako, mama," Sista akasema. Hakujua anaongea na nani, na mimi nilikuwa natazama feni.

Kati ya kumi na saba, watatu hawakuwepo tena duniani. Mkurugenzi akaniita mchana.

"Andika ripoti," akasema. "Sema mfumo ulipata hitilafu."

"Mfumo hauna mikono, bwana."

"Mzee, nakusaidia."

"Najua. Asante." Nikaandika kwamba nilipanga wagonjwa kwa namba zilizokwisha kupambwa, na kwamba aliyeziweka hivyo ni mimi, tarehe fulani, kwa sababu kazi ya kweli ilikuwa ndefu. Aliisoma mara mbili, akaifungia kwenye droo yake. Sikufukuzwa. Hakuna mwingine aliyejua ukurasa ule unavyofanya kazi.

Jumatano nilimpeleka dada kwa daktari. Alivaa gauni la kijani alilojishonea na viatu vya kanisani. Ngazi zilikuwa kumi na nne. Tulizipanda kwa vituo vitatu. Daktari wa moyo alikuwa mtu mwenye haraka lakini hana ubaya. Alimlaza, akampaka mafuta ya kupimia, akaangalia kioo kwa muda mrefu. Kisha akageuza karatasi akatuchorea moyo, akauchora tena pembeni, mkubwa zaidi.

"Umetanuka, mama. Nyama yake imelegea. Nikikufungua sasa hutashuka mezani."

"Na dawa?" nikauliza.

"Dawa atapata. Zitampunguzia maji miguuni, alale vizuri." Akakifunga kifuniko cha kalamu. "Miezi mitatu iliyopita ningemchukua bila kufikiri."

"Wakati huo nilikuwa wa tano," dada akasema.

Daktari hakuelewa. Akatabasamu kidogo kama mtu anayeambiwa jambo la ukoo usio wake, akatuandikia vidonge.

Tuliketi kwenye benchi nje, mbele ya dirisha la dawa, na kikaratasi chenye namba ya foleni. Watu walikuwa wengi. Mtu mmoja alikuwa anabishana kuhusu chupa ya dawa ya kikohozi.

"Dada," nikasema. "Ni mimi."

"Najua."

"Hujui. Kuna amri niliiweka..."

"Nimesema najua. Amri sijui, lakini wewe nakujua. Jumapili ulinyamaza. Wewe hunyamazi ila ukiwa umevunja kitu. Ulipovunja bakuli la mama ulinyamaza siku mbili, tukadhani umeugua, tukakupa mafuta ya samaki."

Nikamwelezea hata hivyo. Nilimwelezea mikato, na mashine inavyosoma, na ule ukurasa wa tisa. Alisikiliza huku akiikunja kunja ile karatasi ya namba.

"Kwa hiyo ningesubiri siku chache pungufu, ningeitwa," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi niliyesubiri sana nikaonekana nimekuja jana."

"Ndiyo, dada."

Akatikisa kichwa. Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini.

"Leo siwezi kukusamehe," akasema. "Nimechoka, na bado kuna ngazi za kushuka. Njoo Ijumaa."

Wakaita namba yetu, nikaenda dirishani.

Alhamisi nilitoa begi chini ya kitanda. Ni jambo ninaloweza kulifanya bila kufikiri: mashati mawili, sweta, kisu, soksi. Maisha yangu yote, kitu kikiharibika mikononi mwangu, miguu ilinichukua kabla watu hawajamaliza kuulizana. Nikakaa na begi magotini. Nilijaribu kufikiria mji ambao sijafika na sikuona taswira yoyote. Nikaliacha hapo kitandani, Ijumaa nikaenda kwa dada.

Hakulitaja lile jambo. Alinipa kopo la vifungo na sare kumi na mbili, akanionyesha mahali pa kushona. Nilishona vibaya, akafumua viwili, akanirudishia. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya ndara.

"Kiguu na Njia."

"Naam, dada."

"Nitoe kwenye ile orodha yenu. Sitaki tena ule ujumbe wa Jumatatu. Simu ikilia nashtuka."

"Sina ruhusa ya kugusa jina lako. Nilisaini."

"Mimi ndiye niliyekukataza, siyo karatasi," akasema. "Sasa nakuruhusu. Na hicho kifungo umekiweka nje ya mstari."

Nilikifumua. Nilingoja aseme lile la Ijumaa, mpaka sare zikaisha. Aliwasha taa, akazihesabu, akazifunga kwa kamba, akaniambia nifunge mlango vizuri nikitoka maana bawaba zake zimelegea.

Jumatatu saa mbili kasoro robo nilifungua ukurasa. Wale kumi na saba walikuwa wamepungua. Dada yangu alikuwa wa pili, siku 1,087, mkato mahali pake, safi. Nikabonyeza alama ya kufuta. Ukurasa ukaniuliza: Una uhakika? Swali hilo nililiandika mimi mwenyewe zamani, ili watu wasifute kwa haraka. Nikabonyeza ndiyo. Wa tatu akapanda akawa wa pili, wa nne akawa wa tatu, na chini huko wote wakasogea hatua moja, mpaka ukurasa wa tisa.

Saa mbili kamili Sista alichapa karatasi zote tisa. Siku hizi anazichapa zote, anazipitia kwa kidole hadi mwisho kabla ya kushika rula. Akapiga mstari chini ya jina la nne. Kisha akamtafuta wa tano, akamwekea alama kwa penseli, akailinganisha orodha na ile ya wiki iliyopita.

"Hapa namba mbili kuna aliyetoka," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Kafariki?"

"Bado."

Alinitazama juu ya miwani, muda wa kutosha. Sijui aliona nini. Akavuta simu, akabonyeza namba ya kwanza, ikaita, ikaita. Ikapokelewa.